Tabibu wa Bahari Katika Maji ya Rongui

Mvuvi anapoondoka nyumbani alfajiri, mkewe huwa na hesabu yake kichwani: samaki wa kitoweo, samaki wa kuuza, na fedha za unga, sabuni na madaftari ya watoto. Mvuvi huyo akirejea adhuhuri na samaki wasiojaza hata sufuria moja, hesabu yote huharibika. Akirejea hivyo wiki nzima, watu wa nyumbani huanza kusema kwamba bahari imechoka. Neno hilo husemwa kwa masikitiko katika pwani yote ya Afrika Mashariki, tangu Lamu hadi Mafia, na tangu Mtwara hadi visiwa vya Quirimbas katika nchi jirani ya Msumbiji.

Je, bahari iliyochoka yaweza kutibiwa? Wapo watu ambao kazi yao ya maisha ni kulitafutia jibu swali hilo. Hao ni wanasayansi wanaoshughulika na kurejesha mazingira yaliyoharibika. Kazi yao haifahamiki sana miongoni mwa wananchi, ingawa matokeo yake huingia moja kwa moja katika chungu cha kila nyumba ya pwani.

KISIWA NA MAJIRANI ZAKE

Rongui ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado, kwenye ukanda ulio kati ya miji ya Palma na Mocímboa da Praia. Jirani yake mkubwa ni Vamizi, kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita zipatazo 12. Ukivuka Mto Ruvuma kwenda kaskazini umeingia Tanzania, na hapo unakutana na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Wakazi wa pwani ya Cabo Delgado husema Kimwani na Kimakwe, lugha ambazo Mswahili akizisikiliza kwa makini husikia ndani yake maneno mengi ya nyumbani kwake. Upepo wao ni kaskazi na kusi, vyombo vyao ni mitumbwi na madau, na kalenda yao ya uvuvi hufuata bamvua na maji mafu, kama ilivyo Kilwa au Unguja.

Mwaka 2002 Serikali ya Msumbiji ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas. Hata hivyo, mipaka yake haikufika kaskazini ya mbali, na Rongui na Vamizi vilibaki nje. Kwa hiyo uhai wa miamba ya visiwa hivyo ulitegemea zaidi makubaliano ya watu wenyewe kuliko mstari uliochorwa kwenye ramani. Katika miaka hiyo hiyo visiwa vya Vamizi, Rongui na Macaloe viliunganishwa katika mradi mmoja wa hifadhi na utalii, na Zoological Society of London, chama cha wanasayansi wa wanyama cha Uingereza, kikashiriki katika utafiti wake. Hapo ndipo kazi ya wanasayansi katika maji hayo ilipoanza kuonekana waziwazi.

MGONJWA HAANZI NA DAWA

Wengi wakisikia neno "mwanasayansi" hupata picha ya mtu mwenye koti jeupe, aliyejifungia chumbani na chupa zake. Mtaalamu wa kurejesha mazingira haishi hivyo. Sehemu kubwa ya kazi yake iko majini, matopeni au juani, na sehemu nyingine iko mikekani katika mabaraza ya vijiji, akisikiliza zaidi kuliko kusema. Huanza na shahada ya kwanza, hufuatisha na shahada za juu, kisha hupitia miaka mingi ya kuhesabu viumbe chini ya usimamizi wa waliomtangulia.

Akishakuwa mtaalamu mwandamizi, jukumu lake hubadilika. Yeye ndiye anayeamua kitu gani kihesabiwe, wapi, lini na kwa sababu gani. Ndiye anayewafunza vijana, anayeandika maombi ya fedha, anayeketi na wakuu wa serikali, na anayebeba lawama iwapo fedha na miaka vimepotea bure. Cheo chake hakimwondolei jua wala chumvi, ila humwongezea mzigo wa uamuzi.

Inafaa kutofautisha maneno mawili. Kuhifadhi ni kukilinda kilicho kizima kisije kikaharibika. Kurejesha ni kukisaidia kilichoumia mpaka kisimame tena. Hili la pili ni gumu zaidi, kwa maana asiyejua ugonjwa hawezi kuchagua dawa. Kabla ya kupanda mche mmoja au kufunga mwamba mmoja, mtaalamu hulazimika kujibu maswali manne. Mahali hapa palikuwaje hapo zamani? Pameharibiwa na nini? Je, kilichopaharibu kimekwisha au bado kipo? Na wakati wa kungoja pone, nani atakayelala njaa?

Maswali matatu ya kwanza hujibiwa kwa vipimo. La nne hujibiwa na watu, na mtaalamu anayelipuuza hushindwa hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi.

HESABU TATU CHINI YA MAJI

Mfano mzuri wa kazi hii umetoka Vamizi, jirani ya Rongui. Mwaka 2003 watafiti walizama katika miamba ya kisiwa hicho na kuhesabu samaki waliowaona. Wakati huo hapakuwa na eneo lolote lililofungwa. Mwaka 2006 wanakijiji walikubaliana kutenga sehemu ya bahari yao isivuliwe, na hesabu ikafanywa tena. Mwaka 2012, baada ya miaka 6, ikafanywa mara ya tatu. Kila mara walihesabu mahali pa aina tatu: ndani ya eneo lililofungwa, mpakani mwake, na nje yake.

Katika kazi ya namna hii mpiga mbizi hutandaza kamba ya kupimia juu ya mwamba, huogelea polepole, na kuandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki kila samaki anayempitia. Hukadiria na urefu wake. Hufanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, akipambana na mkondo na maji yenye vumbi. Kosa la kumhesabu samaki mmoja mara mbili ni dogo, lakini likirudiwa mara elfu huwa uongo mkubwa.

Kwa nini hesabu tatu, na kwa nini mahali pa aina tatu? Sababu yake mama yeyote aliyewahi kuuguza mtoto ataielewa. Asiyepima joto la mtoto kabla ya kumpa dawa hawezi kudai kwamba dawa ndiyo iliyolishusha. Samaki wakiongezeka ndani ya eneo lililofungwa, mtu aweza kusema kwamba mwaka ulikuwa mzuri tu. Lakini wakiwa walilingana kila mahali hapo mwanzo, kisha wakaongezeka ndani kuliko nje, basi kufungwa kwa eneo hilo kunapata ushahidi wa haki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la kisayansi la PLOS ONE na Isabel Marques da Silva wa Chuo Kikuu cha Lúrio cha Pemba, pamoja na Nick Hill, Maria Dornelas na wenzao. Kabla ya eneo kufungwa, sehemu zote zilizohesabiwa hazikutofautiana. Baada ya miaka 6, samaki walikuwa wameongezeka ndani ya eneo lililofungwa. Aidha, samaki wadogo wanaokula majani ya baharini walikuwa wameanza kumiminika nje ya mpaka, na athari yao ilionekana hadi umbali wa kilomita 1.

Samaki wanaokula majani, kama vile pono na tasi, wana kazi nyingine isiyoonekana sokoni. Wao ndio wapalizi wa mwamba. Wakivuliwa wote, majani hukua na kuyasonga matumbawe machanga, na mwamba hugeuka kichaka kisichozaa. Kurudi kwao ni dalili ya kurudi kwa afya ya mwamba wenyewe.

KITOWEO CHA LEO, SAMAKI WA KESHO

Habari hiyo ikisomwa mjini huonekana nyepesi: eneo lilifungwa, samaki wakaongezeka. Kijijini haikuwa nyepesi hata kidogo. Miaka 6 ni muda wa kutosha mtoto aliyeanza shule kukaribia kumaliza elimu ya msingi. Katika muda wote huo baba mwenye mtumbwi usio na mashine, ambaye hawezi kufika mbali pepo zikichafuka, hukatazwa mwamba ulio karibu. Mama anayetoka na ndoo wakati wa maji kupwa kutafuta pweza na kombe naye hupunguziwa uwanja wake. Faida ni ya kijiji kizima na itakuja baadaye. Hasara ni ya nyumba chache na huja siku ile ile.

Ugumu huzidi pale wageni wanapofika. Pwani ya Cabo Delgado hupokea wavuvi wa kuhamahama kutoka Jimbo la Nampula upande wa kusini na kutoka Tanzania upande wa kaskazini. Mwenyeji aliyetii makubaliano akimwona mgeni anavua usiku katika eneo alilojinyima yeye, hujiona mpumbavu, na siku ya pili hutoka na nyavu zake. Kwa hiyo nchini Msumbiji yapo mabaraza ya wavuvi ya kijiji yanayotambuliwa na serikali, yenye wajibu wa kusimamia mambo kama hayo, kama vile Tanzania ilivyo na vikundi vya usimamizi wa fukwe. Mahali ambapo baraza ni imara, eneo lililofungwa hudumu. Mahali ambapo baraza ni jina tu, kibao cha katazo hugeuka kuni.

Hapa ndipo uaminifu wa mtaalamu mwandamizi unapopimwa. Kishawishi chake kikubwa ni kuahidi mengi ili wananchi wakubali upesi. Angeweza kuwaambia kwamba baada ya mwaka mmoja chewa na kolekole watajaa mpaka pwani. Lakini hesabu ya Vamizi haikusema hivyo. Ilisema kwamba samaki waliomiminika nje walikuwa wa aina fulani na ukubwa fulani, kwa umbali fulani, baada ya miaka 6. Mtaalamu akiahidi zaidi ya anachokijua, mwaka wa tatu wavuvi watamdai, na hatakuwa na la kuwajibu. Akisema kweli tangu mwanzo, huenda baraza likachukua siku nyingi zaidi kukubali, lakini litakuwa limekubali jambo lililopo.

KASA HAJUI HARAKA

Jambo jingine lililowavuta wanasayansi katika fukwe za Rongui na Vamizi ni kasa. Aina mbili hutaga katika visiwa hivyo vya kaskazini: kasa wa kijani, na ng'amba, yule ambaye gamba lake zuri lilimletea balaa kwa karne nyingi, likauzwa kwa kutengeneza vitana na mapambo. Kazi ya kuwafuatilia ilifanywa pamoja na wanakijiji, na habari zake zilichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Oryx na Julie Garnier na wenzake, akiwemo Almeida Guissamulo, mwanasayansi wa Msumbiji.

Wafuatiliaji wa kasa ni watu wa visiwani wenyewe. Hutembea ufukweni alfajiri kabla jua halijafuta nyayo, wakitafuta mburuzo ulioachwa na kasa jike aliyepanda usiku. Kila kiota huandikwa. Kiota kilichochimbwa chini mno, mahali ambapo maji ya bamvua yatakifikia, huweza kuhamishwa, lakini kwa masharti: mayai yasigeuzwe, na kazi ifanywe ndani ya saa chache baada ya kutagwa, la sivyo kiumbe kilichomo ndani hufa. Kasa wa kijani hutaga mayai yapatayo 100 kwa mara moja, na hurudi kutaga mara kadhaa katika msimu mmoja. Baada ya takriban miezi miwili watoto huchomoza mchangani na kukimbilia baharini. Hata joto la mchanga lina neno lake: mchanga wa moto zaidi huzaa majike wengi, na mchanga wa baridi kidogo huzaa madume wengi.

Lakini fundisho kubwa la kasa ni juu ya muda. Kasa wa kijani huchukua miaka 20 hadi 40, pengine na zaidi, kabla ya kuwa mzazi. Mtoto wa kasa aliyetoka mchangani mwaka 2005 huenda akarudi kutaga mwaka 2030, au 2040. Mwanasayansi aliyesimama akimtazama akiingia majini huenda akawa amestaafu siku kasa huyo atakaporudi. Mlinzi wa ufukwe aliyekuwa kijana atakuwa mzee mwenye wajukuu.

Kwa sababu hiyo, katika kazi hii daftari lina thamani kuliko mtu mmoja. Tarehe, mahali, idadi ya mayai, idadi ya waliotoka: mambo hayo yakiandikwa kwa mwandiko unaosomeka na kutunzwa vizuri, atakayekuja baada ya miaka 30 ataweza kujua kama juhudi zilifaa. Mtaalamu mwandamizi asiyeacha daftari zuri wala kijana aliyefunzwa kulisoma, ameacha kazi nusu.

MAKOSA YALIYOFUNZA

Si kila kazi ya kurejesha mazingira hufaulu. Baada ya gharika ya tsunami ya Desemba 2004, watu wengi wa nia njema walikimbilia kupanda mikoko katika pwani ya Sri Lanka. Miaka mingi baadaye wataalamu walikagua maeneo 23 yaliyopandwa, na katika 9 hawakukuta hata mche mmoja ulio hai. Sababu zake ni za kusikitisha kwa wepesi wake: miche mingi ilipandwa mahali ambapo mikoko haiwezi kuota, au haikuangaliwa tena baada ya kupandwa.

Wazee wa pwani wangaliweza kuonya. Mjenzi yeyote aliyewahi kukata boriti anajua kwamba mlilana husimama mbele kwenye maji, mkoko hufuata, na mkandaa na mchu hupatikana nyuma, karibu na nchi kavu, ingawa mchu huonekana hata mbele. Kila mti una kiasi chake cha maji ya chumvi unachoweza kuvumilia. Kwanza turudishe njia ya maji, husema wataalamu wa mikoko, na mara nyingi miti hujipanda yenyewe.

Katika Ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, mikoko ilikuwa imekatwa vibaya katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nishati ya viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi James Kairo alianza huko majaribio ya kuirudisha, akijifunza mti upi unafaa wapi, na kuifuatilia miche mwaka baada ya mwaka. Tangu mwaka 2013 wananchi wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja, unaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Fedha zimetumika katika maji ya kunywa, vitabu na madarasa. Tangu jaribio la kwanza hadi fedha ya kwanza ilipita zaidi ya miaka 20.

Mfano mwingine uko Bamburi, kaskazini ya Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alikabidhiwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji: uwanja mweupe usio na udongo, wenye joto kama la tanuri. Alijaribu aina 26 za miti, zikapona 3 tu. Mvinje ndio ulioshika vizuri kuliko yote. Hata hivyo, majani yake yaliyoanguka hayakuoza, wala udongo haukutokea. Ndipo jongoo walipoletwa, wakayala majani hayo na kuyageuza kuwa mbolea. Leo mahali hapo ni msitu na bustani ya wanyama inayotembelewa na familia na watoto wa shule. Aliyekuwa akimponda jongoo kwa kiatu bila kufikiri, huondoka hapo na heshima mpya.

VITA VILIPOFIKA PWANI

Mambo ya Rongui yangekuwa magumu ya kutosha hata katika amani. Lakini tarehe 5 Oktoba 2017 kundi lenye silaha lilishambulia Mocímboa da Praia, na Cabo Delgado ikaingia katika vita. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyo. Agosti 2020 Mocímboa da Praia ilitekwa, na mwezi uliofuata washambuliaji wakafika hata kisiwani Vamizi. Machi 2021 mji wa Palma ukashambuliwa. Mwaka huo Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 walikuwa wamekimbia makazi yao. Wengi walifika Pemba kwa madau yaliyojaa kupita kiasi.

Katika hali hiyo, nani atahesabu samaki? Mtafiti hawezi kuzama mahali ambapo mashua yake yaweza kutekwa. Mlinzi wa kasa hawezi kutembea ufukweni usiku. Mkimbizi mwenye watoto wenye njaa hawezi kulaumiwa kwa kutupa mshipi mahali palipofungwa. Sayansi ya mazingira, kama shule na zahanati, hutangulia kufa amani inapokufa.

Julai 2021 majeshi ya Rwanda na ya nchi za Kusini mwa Afrika yaliingia kusaidia Msumbiji, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa askari katika kikosi cha SADC, kilichomaliza kazi yake mwaka 2024. Mocímboa da Praia ilikombolewa Agosti 2021, na wakazi wakaanza kurejea kidogo kidogo. Askari aliyesimama doria katika pwani hiyo huenda hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa pia akilinda viota vya kasa. Lakini ndivyo ilivyo: hakuna mche unaopandwa wala hesabu inayofanywa mahali ambapo mwananchi anaogopa kutoka nje.

Historia ya Tanzania yenyewe yatoa fundisho la pande mbili kuhusu jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jeshi la Wanamaji lilishiriki katika operesheni dhidi ya uvuvi wa baruti, na milio ikapungua sana. Miaka michache baadaye, nguvu zilipolegea, milio ikarudi. Baada ya mwaka 2015 vyombo mbalimbali vya dola vilishirikiana kufuatilia hata njia zinazopitisha baruti zenyewe, na uvuvi huo ukapungua tena kwa kiasi kikubwa. Mwamba uliolipuliwa hubaki kifusi kinachosukwasukwa na mawimbi, na tumbawe changa halipati mahali pa kushika. Askari aweza kuusimamisha mkono unaowasha utambi, jambo ambalo mwanasayansi hawezi. Mwanasayansi aweza kuonyesha ni wapi mwamba utapona wenyewe na wapi unahitaji msaada, jambo ambalo askari hakufundishwa. Na wote wawili hawafiki mbali pasipo mvuvi mwenyewe kukubali.

KWA WAZAZI NA VIJANA

Umoja wa Mataifa umeitenga miaka ya 2021 hadi 2030 kuwa muongo wa kurejesha mazingira ya dunia, na Desemba 2022 mataifa yalikubaliana kule Montreal kwamba ifikapo mwaka 2030 asilimia 30 ya maeneo yaliyoharibika yawe katika hatua za kurejeshwa. Kazi hiyo itahitaji wataalamu wengi kuliko waliopo. Mzazi mwenye mtoto anayependa kukaa ufukweni na kuuliza majina ya samaki asimwone mvivu. Biolojia, kemia, jiografia na hesabu ndiyo masomo yatakayomfikisha, na hesabu hasa isidharauliwe, maana kazi yote ya Vamizi ilisimama juu ya kujua kulinganisha namba kwa haki. Kujua kuogelea kutamfaa. Kujua kuamkia wazee na kuketi barazani bila haraka kutamfaa zaidi.

Na asidanganywe kwamba ni kazi ya sifa za upesi. Daktari wa hospitali humwona mgonjwa wake akitoka wodini kwa miguu yake. Tabibu wa bahari huenda asimwone wake akipona. Hupima, hungoja, hupima tena, kisha humkabidhi daftari mtu mwingine.

Mahali fulani katika Bahari ya Hindi wapo kasa waliozaliwa katika mchanga wa Rongui na Vamizi miaka ya amani, kabla ya 2017. Wamekua wakati vita vikipigana nchi kavu, nao hawakujua habari zake. Wakati wao wa kurudi unakaribia. Watakapopanda ufukweni usiku, jambo la maana litakuwa hili: kama ufukwe utakuwa na utulivu, na kama alfajiri atakuwapo mtu mwenye penseli na daftari wa kuzifuata nyayo zao.